Mapafu ya Rangi na Maziwa

Siku Maziwa alipoondolewa kwenye msumeno na kupelekwa chumba cha mauzo, Rangi alikuwa wa kwanza kumpongeza na wa kwanza kununa. Hakununa hadharani. Alinunia kwenye bomba la nje, akijifanya ananawa mikono, huku kikohozi kikimkunja kama nguo inayokamuliwa.

Walikuwa mapacha wa kike. Majina hayo waliyapata karakanani, wiki yao ya kwanza, pale fundi mmoja alipowaona wameketi bega kwa bega wakati wa mapumziko akasema hapa tuna chai ya rangi na chai ya maziwa. Watu wakacheka, na kicheko kikageuka jina. Mmoja alikuwa mweusi wa kung'aa, mwingine mweupe kiasi kwamba jua la asubuhi tu lilimtosha kumbabua. Zaidi ya hapo walifanana kama ndala za jozi moja: kimo kile kile, mwendo ule ule wa kutupa mguu wa kushoto, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilichopinda kuelekea ndani. Kidole hicho kilikuwa cha marehemu baba yao, ambaye hakuwaachia kitu kingine.

Kwa miaka mingi walikata mawe ya kaunta za jikoni, msumeno wa mmoja ukitazamana na wa mwenzake. Vumbi la mawe hayo ni laini kuliko unga wa ngano. Lilikuwa linawapaka kichwa hadi kiatu, na ikifika jioni hata msimamizi aliwachanganya, akamfokea huyu kwa kosa la yule.

Mafundi walipoanza kufa kwa kifua, kampuni ikaleta kipimo. Unaingia zahanati, unabana pua, unapuliza bomba kwa nguvu zako zote, mashine inasema pumzi yako ni kiasi gani cha ile unayotakiwa kuwa nayo. Ukipata chini ya themanini kwa mia, unaondolewa kwenye vumbi na kupewa kazi nyingine. Ukipita hapo, unarudi kukata. Maziwa alipata sabini na tano. Rangi alipata themanini na nne.

"Mzima," mpimaji alimwambia bila kuinua macho.

Mzima huyo alikuwa akipanda ngazi za nyumbani anasimama mara mbili, anajifanya anatafuta ufunguo.

Jioni ile wakiwa jikoni kwa mama yao, Maziwa akaropoka kwamba alipuliza lita mbili na pointi saba. Rangi alikuwa anamenya vitunguu. Akaweka kisu chini. Yeye alikuwa ameambiwa mbili na pointi sita.

"Yaani umepuliza kunizidi," akasema, "halafu wewe ndiye mgonjwa?"

Maziwa akamwambia mashine ina akili zake, asiichokonoe. Rangi akajibu kwamba ataichokonoa mpaka iteme. Hapo maneno yakageuka mawe. Maziwa akasema pacha wake tangu utotoni hawezi kumwona na kitu bila kukitolea macho. Rangi akamuuliza tangu lini kifua kibovu kikawa kitu cha kuonewa wivu. Mama yao akagonga sufuria na mwiko, akawaambia kama wanataka kuuana wakauanie nje, yeye ndiyo kwanza amedeki.

Asubuhi Rangi alikwenda zahanati kabla ya kuvaa aproni. Mpimaji alikuwa kijana wa ndevu zilizochongwa kwa wembe, mweusi kama yeye, na alikuwa na namna ya kupumua kwa nguvu puani kila anapoulizwa swali. Aliposikia malalamiko, akaigeuza skrini kwa hasira amwonyeshe, waishie hapo. Chini ya umri na kimo palikuwa na vitufe viwili: Mweupe, Mweusi. Kwake kilikuwa kimebonyezwa cha pili.

Akamweleza kama anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa. Mapafu ya watu weusi ni madogo kwa asili, kwa hiyo mashine haiwadai pumzi nyingi. Alichopuliza kingekuwa pungufu kwa mweupe, lakini kwa mtu wa aina yake ni kawaida.

"Aliyeyapima mapafu yangu kabla sijaanza kula vumbi ni nani?"

"Si yako wewe. Ya watu weusi. Ni sayansi, dada. Hata mimi nikijipima nabonyeza hicho hicho, na silalamiki."

"Wewe hukati mawe."

Rangi akatoka, akavuka uwanja, akaingia chumba cha mauzo na viatu vyake vya vumbi. Maziwa alikuwa anawaonyesha wateja wawili sampuli za kaunta. Rangi akamshika mkono, akamvuta mbele ya wateja hao hao. Njia nzima Maziwa alimtukana kwa sauti ya chini, matusi ya utotoni ambayo hakuna mwingine angeyaelewa.

"Huyu ni pacha wangu," Rangi akamwambia mpimaji. "Tumbo moja, siku moja. Nionyeshe mahali ambapo mapafu yetu yaliachana."

Mpimaji akamtazama huyu, akamtazama yule. Akapumua puani. Kisha akatabasamu kama mtu aliyekumbuka jibu.

"Basi baba zenu ni wawili. Hutokea, hata kwa mapacha. Mwulizeni mama yenu vizuri."

Neno hilo halikuwa geni. Majirani walikuwa wamelitafuna tangu siku mapacha walipozaliwa, na mama yao alikuwa amelijibu kwa kuwabeba wote wawili sokoni, mmoja mbele, mmoja mgongoni, aone nani atathubutu. Rangi alimgeukia mwenzake. Alijua Maziwa anapiga hesabu gani. Akinyamaza tu, chumba cha mauzo ni chake. Anachotakiwa ni kumwacha mama yake awe malaya kwa muda wa dakika moja, ndani ya chumba chenye watu watatu.

Maziwa akanyamaza. Akanyamaza mpaka Rangi akaanza kumchukia kwelikweli.

Halafu akaunyoosha mkono wake wa kulia, akauweka mezani kando ya mkono wa Rangi. Vidole viwili vilivyopinda vikalala sambamba, kimoja cheusi, kimoja cheupe, mpindo ule ule.

"Baba yetu ni mmoja," akasema. "Ukirudia hilo neno, hizo ndevu utazitafuta sakafuni."

Mpimaji hakurudia. Akavuta kiti, akafungua kipimo cha Maziwa, akabonyeza kile kitufe cha pili. Sabini na tano ikapotea, ikaja themanini na saba.

"Basi kosa lilikuwa kwako," akamwambia. "Mzima. Rudi kwenye msumeno."

Rangi akauliza kwa nini asirekebishe cha kwake, kwa nini asiwabonyezee wote kile cha kwanza. Mpimaji akajibu kwamba pacha mmoja akiwa mweusi, wote ni weusi. Weusi hata ukichanganywa huhesabiwa weusi.

"Nani kasema?"

"Inajulikana," akasema, akaita anayefuata.

Walivuka uwanja. Mlangoni pa karakana Maziwa akasimama kuvaa aproni.

"Umefurahi?"

Wakaenda kila mtu kwenye msumeno wake, wakatazamana kama zamani. Msimamizi akapiga makofi, akataka kujua mbona misumeno imelala. Rangi akasema hakati.

"Mashine imesema wewe mzima."

"Basi ipe aproni, ikate."

Msimamizi akasema asiyekata hana kazi, mlango anaujua. Upande wa pili, Maziwa akauwasha msumeno wake kwa makusudi, akimkazia pacha wake macho. Vumbi likapanda. Aliukata ubao wa jiwe mpaka nusu, kisha kikohozi kikamshika, kile kile cha Rangi, cha kumkunja kama nguo inayokamuliwa, na jiwe likapasuka vipande viwili.

Rangi alikwenda ukutani, akaishusha swichi kuu. Karakana yote ikanyamaza, mafundi wakageuka.

Akamwendea Maziwa amshike bega. Walikuwa wameshaanza kuwa weupe kwa vumbi wote wawili, nyusi na midomo.

"Usiniguse," Maziwa akasema. Akaifungua aproni, akamtupia usoni. Kisha akamtangulia kutoka, akitupa mguu wa kushoto. Rangi akamfuata kwa mwendo huo huo, nyuma yao msimamizi akiuliza ni yupi kati yao aliyefukuzwa.