Walio Chini ya Jenerali

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko mahakamani. Niliketi mbele, kwa kuwa marehemu alikuwa kaka yangu Sudi, kinyozi. Wanajeshi walimchukua kibandani kwake mchana kweupe, sisi tukarudishiwa viatu vyake tu.

Hakimu alikuwa birika la chai. Hakuna aliyeshangaa, nami nikaona si adabu kuanza.

Jenerali Masumbwe, mkuu wa wanajeshi wale, anaingia na nishani zinazoning'inia hadi magotini. Hana masikio.

"Yako wapi?" birika linauliza.

"Likizo, mheshimiwa. Yaliondoka kabla ya operesheni. Ndiyo maana sikusikia kitu."

Tukampa pole.

"Sheria inasema mkuu atawajibika kwa makosa ya walio chini yake," birika likasema. "Nani yuko chini yako?"

Jenerali akainama kuchungulia. "Kiti, mheshimiwa. Na zulia."

Kiti kikaapishwa. Kikaeleza kwamba kinamfahamu mshtakiwa kwa upande mmoja tu, na upande huo haujawahi kutoa amri yenye maneno.

Zulia likakataa kusema. "Mimi nikunjeni tu," likaomba.

Tukalikunja. Mara tuko kambini, juani, na pale lilipokuwa zulia wamelala wanajeshi. Katikati yao yako masikio ya jenerali, yamejaa vumbi.

"Tulisikia kila kitu," masikio yakasema. "Tukamwambia. Akatufunika."

Sudi naye yupo, anamnyoa koplo mmoja mwenye mwanya. Amefika nusu ya kichwa.

"Nani aliwatuma?" nikamuuliza koplo.

"Ndiyo, afande."

"Ndilo neno pekee alilobakiziwa, dada," Sudi akasema bila kuinua macho. "Hata siku ile alikuwa akilisema hilo hilo, na afande mwenyewe, huyo jenerali, amesimama mlangoni anakunywa soda."

Nikataka kumshika Sudi mkono. Birika likaanza kuchemka ili litoe hukumu, nami nikaamka kabla ya neno la kwanza.

Kumekucha, na mtu anabisha hodi. Mlangoni amesimama mwanamume mwenye mwanya, kofia mkononi. Nusu ya kichwa chake imenyolewa, nusu bado.

"Samahani, dada. Ndiwe ndugu yake yule kinyozi?"

"Ndimi."

"Nimeamka hivi," akasema, akijipapasa kichwa. "Nataka kusema aliyetutuma."

Nikamwambia aingie.