Mara Tatu Kwenye Tumbo la Kayaki

Niliandika kwenye simu: mafunzo ya kayaki kwenye maji ya kasi, kwa wanaoanza, karibu nami. Simu ikafikiri, halafu ikaniletea chuo cha udereva, fundi wa matangi ya maji na bima ya mazishi. Nikaona hao wa bima angalau wamenielewa.

Nina miaka sitini na miwili. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa, na mpaka leo kuna watu wazima na vitambi vyao ambao wakiniona sokoni hutupa sigara. Mtu kama mimi hatafuti mchezo wa kubinuka majini bila sababu. Sababu yangu ni binti yangu, wa pekee. Alisomea ufamasia, akasimama kwenye kaunta ya dawa miaka miwili, kisha akaacha akaenda kufundisha watu kushuka mto kwa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja. Siku moja, mbele ya wageni sebuleni, nikasema, "Huyu wangu kaacha kutibu watu, sasa anawazamisha." Wageni wakacheka. Yeye alikuwa ameshika sinia la vikombe. Akaliweka mezani taratibu, bila hata kikombe kimoja kulia, akatoka. Huu ni mwezi wa kumi na moja hajakanyaga kwangu wala kupokea simu yangu.

Kuomba radhi sikujifunza. Kazini mimi ndiye niliyekuwa naombwa. Kwa hiyo nikapanga: nitajifunza hiyo kayaki kwa mtu mwingine, niive, kisha nimtokee binti yangu mtoni na kasia mkononi, aone mwenyewe kwamba naiheshimu kazi yake. Neno "samahani" lisihitajike kabisa. Ulikuwa mpango wa mtu mwenye akili nyingi.

Nikaanza na mlinzi wa bwawa la kuogelea.

"Kuna watu wanafundisha kayaki hapa?"

"Yupo, Mwalimu. Binti yako."

"Ukimtoa yeye."

"Nikimtoa yeye, yupo anayefagia."

Muuza vifaa vya michezo akaniandikia namba ya simu kwenye kikaratasi. Namba yenyewe naijua hata usingizini, ndiyo ile isiyopokelewa. Kinyozi wa mtaani, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akanipasulia: "Shangazi, mji mzima huu mwalimu wa kayaki ni mmoja tu. Kama hutaki kuonana naye, jifunze baiskeli."

Nikarudi kwa mlinzi, nikamwambia aniandikishe tu kama "mama mmoja". Jumamosi saa tatu asubuhi nikatokea bwawani na suruali ya mazoezi iliyokuwa bado na lebo. Tulikuwa wanne: mimi, dereva wa teksi na wasichana wawili wa benki. Binti yangu akaja na filimbi shingoni, akaniona, uso mkavu.

"Karibu, mama," akasema, kama anavyomkaribisha mteja yeyote wa umri wangu. Heri angenitukana.

Somo la kwanza la kayaki, kumbe, si kupiga kasia. Ni kupinduliwa. Unaingizwa kwenye tundu la kayaki, unafungwa kiunoni sketi ya mpira ili maji yasiingie ndani, kisha mwalimu anakupindua kichwa chini kwa makusudi. Ukiwa kule una njia mbili. Uvute kamba ya sketi utoke mwenyewe, au ugonge tumbo la kayaki mara tatu, unyooshe mikono juu ya maji na ungoje mtu akusogezee pua ya kayaki yake, uishike ujiinue. Tulitakiwa kuzijua zote mbili.

Kutoka mwenyewe nilifaulu mara ya kwanza, nikaangaza macho nani kaona. Kungoja ndiko kulikonishinda. Kila nikipinduliwa, mkono unakimbilia kamba, natoka, nakohoa, nasema nimeteleza. Wasichana wa benki wakamaliza. Dereva akamaliza. Baada ya mara ya tano, binti yangu akanisogelea na kayaki yake.

"Shida yako siyo maji," akasema chini chini. "Huwezi kumngoja mtu."

"Na nikigonga usipokuja?"

"Lini umeniita nisije?"

"Miezi kumi na moja nakupigia!"

"Ulinitumia ujumbe, unauliza ufunguo wa kabati uko wapi. Huko siyo kuita."

Akanipindua kabla sijafungua mdomo.

Maji yakaniingia puani. Mkono ukaifuata kamba, nikaurudisha. Nikagonga mara tatu, nikatoa mikono nje, nikangoja. Nilikuwa naogopa, na siyo maji. Niliogopa kwamba mwanangu amenichoka, na kwamba mimi ndiye niliyemchosha. Halafu kitu kigumu kikagusa kiganja changu. Nikakishika, nikajivuta, nikaibuka helmeti imekaa upande, na uso wake uko mbele yangu.

"Nilikukosea," nikasema, kwa ile sauti ya mstarini asubuhi, hata mlinzi kule getini akasikia. "Nilikudharau mbele za watu, na nakuomba radhi mbele za watu. Kazi yako ni kazi. Nisamehe, mwanangu."

Dereva akaanza kulichunguza kasia lake kama anataka kulinunua. Binti yangu akajipangusa uso kwa kiganja, ingawa aliyekuwa ametoka chini ya maji ni mimi.

Saa sita akasoma matokeo. Wenzangu watatu Jumamosi ijayo wanakwenda mtoni. Mimi nimefeli. Mara moja kati ya sita haitoshi, akasema, mto haumwonei mtu huruma.

"Kwa hiyo nirudie bwawani?"

"Utarudia, Mama. Jumapili nitapitia nyumbani kukuchukua."

Nimefelisha watoto wengi maishani, na sijaona hata mmoja aliyepokea matokeo kwa furaha kama yangu. Nikabisha kidogo kuhusu alama, kwa ajili ya heshima, lakini kwa sauti ya chini kabisa, asije akanisikia akanipitisha.