Ujuzi wa Kunyamazisha Watu

Eliane alikuwa na kiu ya vyeti kama mtu aliyekula dagaa wa chumvi. Mradi wa maktaba pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale ungeajiri mkutubi mmoja tu wa mshahara, na waliojitolea kwenye vituo vyake, yeye akiwa mmojawapo, walikuwa kadhaa. Aliambiwa: ongeza ujuzi, uonekane. Basi akaongeza. Alijifunza kompyuta, akajifunza kushona vitabu vilivyochanika, mwisho akaenda Mbarara kusomea utunzaji wa maktaba kwa mwalimu Kyomugisha, ambaye ndiye angekuja kuchagua.

Huko Mbarara alishangaa: watu wamejaa chumba kizima na hakuna anayesikika hata akipumua. Akasema moyoni, kumbe sisi tunacheza.

Maana maktaba yake ya Nakivale ilikuwa na kelele za soko. Gradi, fundi baiskeli, alisoma kwa sauti. Mama Uwamariya, asiyejua a wala be, aliwageuzia Warundi wenzake maneno hayo kwa Kirundi. Na kabla ukurasa haujaisha walishaanza kubishana. Ndivyo kitabu kimoja kilivyotosha benchi zima.

Eliane aliporudi akayakomesha hayo. Kila mtu na kitabu chake, midomo ifungwe. Walimtii, wala hawakununa. Mwanzoni walikaa wakitazamana, baadaye wakawa wanaazima na kuondoka. Eliane hakuelewa. Ujuzi si umeongezeka? Mbona watu wanapungua? Akafuta rafu, akapanga upya, akangoja.

Mwalimu Kyomugisha alipofika alikuta ukumbi unang'aa, mtupu. Eliane alijua amekwisha.

"Hapa iko safi sana," mwalimu akasema, akipitisha kidole juu ya rafu. "Kule kwingine yote mimi nakuta kelele. Wewe peke yako umeshika kitu mimi nafundisha. Kazi ni yako."

Eliane akashukuru. Furaha ilikuwepo, ila hakujua aiweke wapi. Hivi amesifiwa kwa watu ambao hawapo?

Mwalimu alipoondoka, sauti zikasikika nyuma ya jengo, kwenye bomba la maji. Gradi alikuwa ameketi juu ya jerikeni, kitabu cha maktaba mkononi, anasoma. Mama Uwamariya anageuza. Wengine wanacheka na kubisha, maji yanamwagika na hakuna anayejali. Eliane alitamani kuwa mmoja wao, hamu ikamuuma kweli. Akawasogelea awape habari ya kazi. Hajafika, Gradi akamwona, akafunga kitabu. Wote wakanyamaza.

"Endeleeni," Eliane akasema.

"Hapana, dada," Gradi akajibu kwa adabu. "Tunajua haupendake makelele."

Mama Uwamariya akasogea ili Eliane apate pa kukaa. Akakaa. Wakamngoja aseme alichojia, naye akawatazama mmoja mmoja, asijue aanzie wapi.