Pale Bi Tatu Alipotema

Haya, mmeniita hapa Ufukoni niwape ushauri wa kutengeneza filamu bila mfadhili. Simu inatosha. Zimeni feni kabla ya kurekodi sauti. Mengine yamejaa mtandaoni. La kwangu mimi Veronika haliko huko, maana naona aibu kulisema.

Mwaka juzi nilitengeneza filamu ya maisha halisi ya mama mmoja mkulima wa korosho, kijijini kuelekea mto Ruvuma. Jina lake Bi Tatu. Jioni alikuwa anawafundisha watoto Kurani barazani kwake. Mimi mtoto wa Likombe, mtaa wa hapahapa mjini, baba alihamia hapa kwa kazi ya bandarini, nimekulia kanisani. Lakini msinitafutie udhuru. Ilikuwa Ramadhani, saa saba mchana, na nilijua. Kamera ya kuazima ilikuwa inarudi kesho yake, na sikuwa na picha ya mama akila chakula cha shamba lake.

"Mwanangu, nimefunga," akaniambia.

"Tonge moja tu, mama. Nakuomba."

Akacheka. "King'ang'anizi wewe! Basi natia mdomoni, simezi."

Akamega ugali wa muhogo, akautia mdomoni, akafumba macho. Kisha akageuka, akatema kwenye kifuu, akasukutua.

Kwenye kuhariri nikakata palepale alipofumba macho. Nilijiambia kule kutema kunaharibu utamu wa picha.

Filamu tukaionyesha kijijini Jumamosi mchana, darasani, tumetundika khanga madirishani. Wageni wawili wa tamasha la filamu walikuja kutoka Dar. Tonge lilipoingia mdomoni, mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "He! Si mwezi wa mfungo aliokuja huyu na kamera yake?"

"Astaghfirullahi," akadakia mwingine. "Na ndiye anayefundisha watoto wetu!"

Bi Tatu akasimama. "Nilitema! Veronika, waambie."

Kile kipande nilichokikata kilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta iko mapajani kwangu. Sekunde kumi na moja. Lakini wale wageni walikuwa wanapiga makofi, nikaogopa wasijue kwamba tonge lenyewe ni la kuigiza. Nikasema, "Tutazungumza baadaye, mama."

Loo! Mdomo uliojua kubembeleza tonge, siku ile ukawa mzito.

Wiki mbili baadaye nikasikia wazazi wamewaondoa watoto wote. Nikafunga safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Baraza lilikuwa limefagiliwa, mkeka umekunjwa umeegemezwa ukutani. Nikamfungulia kipande. Akajitazama akitema. Akaomba nirudie, nikarudia.

"Kumbe unacho," akasema. "Siku ile pale darasani ulikuwa nacho?"

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepata nafuu. Akanirudishia kompyuta kwa mikono miwili, taratibu.

"Mimi nilikuwa najua kwamba nilitema, mwanangu. Kawaonyeshe wasiojua."

Basi nimepita nyumba kwa nyumba na kompyuta yangu, nikisimama uani kwa watu na kusema, mimi ndiye niliyekata. Wengine walitazama. Wengine waliniambia hizo picha siku hizi zinatengenezwa tu, na wewe si ndiye fundi wake?

Watoto wanne wamerudi barazani kwa Bi Tatu. Walikuwa kumi na tisa.