Kasha la Kwanza Halivuji

Filta huoshwa kutoka ndani kwenda nje. Ukipiga maji kutoka nje, vumbi linazama kwenye mikunjo na filta inakufa kabla ya wakati wake. Mwosha filta wa kiwanda cha saruji alishaziosha zote za kasha la kwanza la kunasa vumbi, akazisimamisha uani zichuruzike, kisha akachukua kitambaa kibichi akaenda kufuta kasha lenyewe. Alipofungua mlango wa chuma alimkuta mdogo wake, waliyemzika Jumamosi, amesimama ndani, bega amelikandamiza kwenye kona ya juu. Hapo ndipo mpira unaotenga upande mchafu na upande safi ulipokuwa umechanika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe si tulikuzika?"

"Mlinizika vizuri, asanteni. Ila mpira bado."

Enzi za uhai wake alikuwa mkwangua makasha. Mpira ulipochanika, vumbi lilipita pembeni ya filta na kurudi ukumbini kwa wajaza mifuko, nao wakakohoa mpaka wakashika ukuta. Alimweleza msimamizi mara nyingi, akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Siku ya mwisho alikuwa ndani akikwangua, malori yanasubiri getini, msimamizi akawasha feni bila kuuliza kama kuna mtu. Sasa alikuwa amerudi kushughulikia suala lake mwenyewe.

"Twende nyumbani," dada yake alimwambia. "Mama anakwenda makaburini kila alasiri, anarudi anasema mtoto hayumo. Hali chakula."

"Mwambie anisamehe. Nikitoka, wale wa ukumbini watakula vumbi. Wekeni mpira, naondoka saa hiyo hiyo."

Msimamizi aliitwa. Alichungulia ndani ya kasha, akampa marehemu pole ya msiba, akamgeukia mwosha filta.

"Kasha linavuja?"

"Halivuji. Analiziba yeye."

"Sasa mpira wa nini, Mama?"

Mkaguzi naye alikuja. Alipitisha kitambaa cheupe kwenye bomba la kutolea hewa na kikatoka cheupe, jambo ambalo hakuwahi kuliona kiwandani hapo. Aliuliza tu kama joto halimsumbui marehemu. Msimamizi alijibu kwamba hajalalamika. Mkaguzi akasema bora lisivuje, akanawa mikono, akaenda kuangalia kasha la pili.

Ukumbini watu walianza kupumua. Wajaza mifuko walimtumia marehemu salamu na shukrani kupitia dada yake, na mmoja, mcheshi wao, alimwomba asisahau kubadilisha bega. Mwosha filta mwenyewe alilala usiku kucha bila kukohoa, kitu alichokuwa amekisahau. Alijichukia kwa nafuu hiyo. Nyumbani mama yao alikuwa amebaki mifupa na macho, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Basi akajiongeza. Nyuma ya karakana kulikuwa na mabaki ya mkanda wa kusafirishia mawe, mpira mnene usioogopa joto. Alikata kipande wakati wa mapumziko, akakipiga msasa, akakigandisha kwenye kona huku mdogo wake amekishikilia mpaka gundi ikauke. Kisha alizima taa zote za chumba, akamulika kurunzi upande mchafu, naye mdogo wake akaangalia upande safi kama hata chembe ya mwanga inapenya.

"Haipenyi," alisema mdogo mtu. Alilishusha bega lake polepole, likalia. "Umenikomboa, dada."

Alitoka kwa geti la wafanyakazi. Mlinzi alimpekua mifukoni kama anavyompekua kila mtu, akampungia mkono. Alasiri ile mama yao alirudi kutoka makaburini akasema mtoto yumo, amelalia ubavu wa kulia kama zamani. Akaomba chakula, akala, akaomba tena. Mwosha filta alikwenda kulilia nje ili asimharibie hamu.

Mpira wa kasha la tatu ulichanika muda si mrefu baadaye. Vumbi lilianza kurudi ukumbini, na mkaguzi alikuwa njiani. Mwosha filta alikimbilia nyuma ya karakana kutafuta kipande kingine, lakini mabaki ya mkanda yalikuwa yameshachomwa jalalani. Aliporudi, fundi alikuwa ndani ya kasha la kwanza na patasi, anabandua ule mpira wake.

"Unafanya nini?"

Fundi alimwangalia msimamizi, aliyesimama mlangoni.

"Tunauhamishia la tatu," msimamizi alimweleza, kwa upole kabisa. "Elewa, Mama. La tatu halina mtu. La kwanza lina mtu wake."

"Mtu wake amelala."

"Anajua njia."

Feni ziliwashwa. Mkaguzi alikuja na kitambaa chake cheupe, akapitisha kasha la kwanza, akapitisha la tatu, akampongeza msimamizi kwa kumpa mkono. Zilipozimwa jioni, mwosha filta alifungua mlango wa chuma. Mdogo wake alikuwa kwenye kona yake, bega limekandamizwa, udongo mbichi kwenye nywele na masikioni. Hakumsalimu dada yake. Alikuwa anaona aibu.

Nyumbani mama alikuwa ameshatoka makaburini. Mwosha filta alikamua kitambaa chake ndani ya ndoo, akaingia, akaanza na masikio.

"Sogea kidogo," alimwambia, "nifute na huko nyuma yako."