Shimo la Ndizi la Agripina

Kila mwaka Agripina aliharibu pombe ya Noeli, na kila mwaka mkosaji alikuwa yule yule: mkono wake wa kulia. Ndizi za pombe huvundikwa shimoni, zikafunikwa majani ya mgomba na udongo, zikaachwa na joto lao mpaka ziive. Ukilifunua shimo kabla ya wakati, baridi inaingia, ndizi zinagoma, na ukizikamua unapata makamasi badala ya togwa, maji matamu ya kuchachusha pombe. Agripina aliyajua hayo tangu utoto. Mkono ndio haukutaka kujua.

Mwaka huu, Majilio yakielekea mwisho, jirani yake Leonsia, mjane kama yeye na mwenye ulimi wa pilipili, alisimama mbele ya jumuiya baada ya rozari.

"Mwacheni avundike. Akiharibu tena, Noeli inahamia kwangu, naye aje kunywa kama mgeni."

Kama mgeni! Tangu enzi za marehemu mumewe, kijiji kizima cha Ntobeye kilinywea Noeli uani kwake, hata pombe ikiwa mbovu. Bila pombe, nani angemkumbuka kikongwe anayeishi na kuku?

Basi alipomaliza kufukia, Agripina akaweka kigoda kando ya shimo, akaketi, na mkono wa kulia akaukalia.

Wa kwanza kupita alikuwa Mhoja, mfugaji wa Kisukuma, na ng'ombe wake. Akaona mama ameinama kando ya tuta la udongo mbichi, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Tumempoteza nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ndizi."

Mhoja hakuelewa, lakini alimwachia kibuyu cha maziwa ya kufarijia wafiwa.

Kisha akaja katekista Frednand na baiskeli yake. "Mama, hongera! Huku ndiko kukesha tulikofundisha. Unamngoja Bwana?"

"Nangoja ndizi, katekista."

"Hata hapo Bwana yupo."

"Shimoni? Basi analiona joto huyo."

Jioni mkono ukaanza kuwasha. Je, kama zimeshaiva? Je, kama zinaoza? Kidole kimoja tu, kuchungulia! Agripina akatazama juu. "Bwana, kama upo huku, kaa upande wa pili wa shimo unilinde. Unanijua nilivyo."

Migomba ikatikisika. Akatokea Leonsia na kigoda chake mwenyewe, akaketi upande wa pili.

"Nimekuja kukulinda, mwizi wa ndizi zako mwenyewe."

Agripina akatazama juu tena. "Nimekuomba wewe, unaniletea huyu?"

Wakanywa maziwa ya Mhoja. Wakawasema waume zao, ambao kwa kuwa wamekufa hawangeweza kujitetea. Kiza kilipoanza kuingia, Leonsia akasinzia, kidevu kifuani. Agripina akaona nafasi. Mkono ukajichomoa, ukapenya udongo, ukapita chini ya majani taratibu, taratibu, na humo ndani ukashika mkono mwingine.

"Yesu!" Wote wawili wakaruka.

"Leonsia! Unatafuta nini humo?"

"Nilikuwa... napima joto."

"Mimi nimepima joto miaka yote, mkaniita mharibifu!"

Walicheka mpaka kuku wakashuka bandani. Halafu wakashtuka, wakaziba tundu mbio mbio.

Kuanzia hapo Leonsia alikuja kila siku. Walikaa na mikono ya kulia imeshikana juu ya shimo, kila mmoja polisi wa mwenzake. Wapita njia walidhani wanasali. Na walisali kweli, maana ukifungwa mkono hivyo utafanya kazi gani nyingine?

Siku ya kufukua, harufu tamu ilifika barabarani. Ndizi zilikuwa njano tupu, laini, zinajiachia. Isipokuwa kichane kimoja kando ya tundu, kibichi kama kimekatwa leo. Leonsia akakitia chini ya kanga kabla jumuiya haijafika. Wakakipika kwa siri wakakila chote, kichungu kama dawa ya minyoo.

Noeli uani palijaa. Katekista Frednand alionja, akafumba macho, akaonja tena.

"Mama Agripina, mwaka huu umewezaje?"

"Nilimwomba Mungu mlinzi."

"Akakuletea?"

Agripina akamtazama Leonsia, aliyekuwa akijimiminia kibuyu cha pili bila kukaribishwa.

"Aliniletea. Alikuja na kigoda chake."