Jumapili ya Hedimasta

Hedimasta alikuwa amestaafu ualimu, ila nyumbani bado alikuwa kazini. Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, alijinyoosha kwenye kochi. Alipoamka kunywa chai, ikamtoka pembeni mwa mdomo na kuchuruzika shatini. Mkewe, fundi nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alikuwa anapiga pasi gauni la mteja. Akamuuliza ana nini. Mzee akajibu kwa sentensi ndefu isiyo na neno hata moja la kueleweka, kisha akamkazia macho kana kwamba yeye ndiye hakusoma. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia tu.

Mama Cherehani akachomoa pasi, akampigia simu shemeji yake mwenye gari. Shemeji akashauri wangoje kesho, maana Jumapili hospitali haina mabingwa. Kwa sasa ausugue mkono kwa mafuta.

"Shemeji, leta gari. Kama huji, sema nitafute lingine."

Shemeji akaja na kandambili miguuni.

Hedimasta naye akagoma kutoka na shati chafu, akawa anaonyesha kabati kwa mkono uliobaki mzima. Mkewe hakuwahi kumbishia kuhusu mavazi. Safari hii alimshika kwapani akamwingiza garini na madoa yake ya chai.

Hospitalini, daktari wa zamu aling'ang'ania swali moja: mara ya mwisho mzee alikuwa mzima lini?

"Tulipokula. Alilalamika mboga ina chumvi. Alilalamika vizuri kabisa."

Daktari akaandika. Akaeleza kwamba ni kiharusi, na ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila ina saa zake, zikipita haitolewi. Kwanza lazima picha ya kichwa ionyeshe kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Mpiga picha alikuwa nyumbani kwake, akaitwa. Mama Cherehani akakaa kwenye benchi akimchukia mtu ambaye hajawahi kumwona. Mpiga picha akaja mbio, bado anatafuna. Picha haikuonyesha mshipa uliopasuka, dawa ikawahi kuingia.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa dereva aliyeugua Jumapili hiyohiyo. Ndugu zake walimwacha apumzike, wakamleta Jumatatu. Mabingwa wote walikuwepo, picha ikapigwa papo hapo, lakini dawa ile hakupewa. Siku chache baadaye mke wa dereva akamuuliza Mama Cherehani wao walifanya nini hadi mzee wao anaongea.

"Tuliwahi," alisema Mama Cherehani. Akaona neno lilivyompata mwenzake, akainuka kumsaidia kumgeuza mgonjwa wake.

Hedimasta alirudi nyumbani na mkongojo, na maneno karibu yote. Sentensi yake ya kwanza iliyonyooka ilikuwa ya kumsahihisha nesi. Vifungo vya shati ndivyo bado vinamshinda. Kila asubuhi mkewe humfungia, naye husimama wima, macho ukutani, kama mteja anayepimwa suti.